Kwanza tazama mpira, gia baadaye

Kijana mmoja wa sekondari alikuja kibandani kwangu Mwanakwerekwe akisukuma baiskeli ya resi, nyepesi, rangi yake bado inang'aa. Alikuwa amenunua mtumba siku tatu nyuma. "Fundi, ina gia 14," aliniambia hata salamu hatujamaliza. Mpira wa nyuma ulikuwa umepasuka ubavuni. Nikaugeuza nikasoma maandishi yake: 27 x 1¼. Hapo nikajua kazi tunayo, kwa sababu mpira wa namna hiyo kuupata Unguja ni bahati.

Kila wiki naulizwa baiskeli gani ya resi imfae mtu anayeanza. Anayeuliza huwa keshajiandaa kuzungumzia gia na uzito. Mimi humwinamisha kwanza kwenye ubavu wa mpira, kwani pale pameandikwa kama baiskeli ile itatembea mwaka mzima au itaegeshwa ukumbini.

Baiskeli nyingi za resi za siku hizi zina ringi ya 700. Mahali mpira unapokaa kwenye ringi hiyo pana kipenyo cha milimita 622. Zile za zamani za 27 zina 630. Tofauti ni milimita 8 tu, lakini mpira wa 700 hauingii kwenye ringi ya 27 hata uupake sabuni, na wa 27 ukiuweka kwenye ringi ya 700 unalegea, ukijazwa upepo unachomoka. Kuna na mtego mwingine. Mtu ana mpira ulioandikwa 700 x 28, anaingia dukani anaomba "mpira wa 28", anapewa wa baiskeli ya Foneksi. Ile 28 ya Foneksi ni inchi za kimo cha gurudumu, na ringi yake ni 635. Ile 28 ya resi ni upana wa mpira kwa milimita. Kwa hiyo ukienda dukani chukua mpira wako mkononi, au andika namba nzima kama ilivyo. Mara nyingi pameandikwa pia 28-622, na hiyo ndiyo namba isiyodanganya.

Ukishahakikisha ni 622, chungulia nafasi kati ya mpira na uma wa mbele, kisha nyuma karibu na breki. Ikiwa mpira wa 28 unapita bila kugusa, vizuri. Ukipita wa 32, vizuri zaidi. Lami yetu si mbaya, ila kingo zake zimeliwa, mchanga umetanda pembeni, na mwenye baiskeli ndiye anayesukumwa huko pembeni gari ya abiria ikipita. Mpira mwembamba wa 23 ukigonga ukingo wa shimo, tyubu inabanwa na ringi, nayo tyubu inatoboka matundu mawili sambamba, kama aliyeumwa na nyoka. Mtu wa kilo 70 kwenye mpira wa 28 ajaze upepo kama PSI 75 hadi 80, kipimo unachokisoma kwenye geji ya pampu. Anayejaza hadi 110 akidhani ndiyo mbio, atatikiswa mifupa bure na mpira hautashika barabara.

Valvu nayo iangalie. Nyingi za resi ni nyembamba zenye kijichwa cha kulegeza kabla ya kupiga pampu, na pampu nyingi za mitaani hazizishiki. Kuna kifuniko kidogo cha shaba kinachogeuza valvu nyembamba kuwa nene. Kinunue siku hiyo hiyo, ukifunge kwenye ufunguo wa nyumba.

Sasa fremu. Simama wima, bomba la juu liwe katikati ya miguu, nyayo zote chini. Likikugusa, hiyo si yako, hata muuzaji akwambie utazoea. Fremu ndogo kidogo hutengenezeka kwa kupandisha kiti, kubwa haipunguziki. Kiti kipimwe hivi: kaa ukiegemea ukuta, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukija kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya mguu kama inavyotakiwa, goti litabaki limekunjika kidogo. Wengi wanakuja kwangu wanalalamika magoti, na dawa huwa ni kupandisha kiti tu.

Chuma au alumini? Kwa anayeanza hapa nasema chuma, bila kusita. Kikikatika, mchomeleaji yeyote mwangalifu anakirudisha. Alumini inataka mashine na mkono maalumu, na kaboni ya mtumba inaweza kuwa na ufa ndani usiouona mpaka siku inapokuangusha. Ubaya wa chuma ni chumvi. Upepo wa bahari unakula kila kitu kisiwani, na bomba la kiti la alumini ndani ya fremu ya chuma hushikana kama limechomelewa. Baiskeli yangu ya kwanza niliipoteza hivyo: nilikaa miaka miwili bila kulichomoa bomba lile, na siku nilipotaka kulishusha, fremu ilipasuka. Tangu hapo kila baiskeli inayopita mikononi mwangu nachomoa bomba la kiti, nafuta, napaka grisi, narudisha. Dakika 5. Na tafadhali, usiipeleke resi ufukweni maji yakitoka, hata mchanga ukiwa mgumu kama saruji.

Gia nimeziacha nyuma makusudi. Unguja ni tambarare. Ukitoa mwinuko wa Masingini, gia 14 au 16 zinatosha kabisa. Ndugu zangu wa Pemba ndio wahesabu meno: gurudumu la nyuma liwe na sahani ya meno 28 au hata 32, maana barabara ya Chake kwenda Wete haikupi nafasi ya kupumua. Popote ulipo, badilisha gia kabla ya mlima, miguu ikiwa bado myepesi. Ukibadilisha katikati huku unasukuma kwa nguvu zote, mnyororo unaruka.

Kujifunza kuendesha kunaanza na mikono. Usukani wa resi umepinda kama pembe za kondoo dume, na mgeni huogopa kushika chini. Lakini huko chini ndiko vidole vinapozivuta breki kwa nguvu kamili. Jizoeze hivi: weka kopo barabarani, njoo mwendo wa wastani, simama kabla ya kopo. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha chombo. Ya nyuma peke yake itaburuza mpira tu. Vuta zote mbili, ya mbele kwa kuongeza polepole, huku unarudisha makalio nyuma ya kiti. Na kabla ya yote, jua mkono upi unavuta ya mbele, maana mtumba wa Japani na wa Ulaya bara haufanani.

La pili ni kutazama nyuma. Sisi tunakwenda kushoto, kwa hiyo hatari inakuja bega la kulia. Mtu akigeuza shingo, mikono nayo inageuka, na anajikuta katikati ya barabara. Fanya zoezi hili sehemu tupu mpaka uweze kugeuka ukahesabu vidole vya mwenzako aliye nyuma bila kuacha mstari.

Dada zangu wanaotaka kuanza: resi haina kinga ya mnyororo. Vaa suruali chini, buibui liwe fupi au lifungwe, na mguu wa kulia wa suruali uubane kwa mpira.

Safari za mwanzo nenda baada ya sala ya alfajiri, barabara ya Fumba au ya Chwaka kupitia Dunga, kabla daladala hazijachangamka. Na soma upepo kabla ya kutoka, kama wavuvi. Wakati wa kusi, anza kwa kuelekea Jozani, upepo ukupige usoni ukiwa bado na nguvu, ukurudishe mjini umechoka. Wakati wa kaskazi, geuza: toka kuelekea Mahonda na Kinyasini. Yule kijana wa mpira wa 27 tulimtafutia magurudumu ya 700, tukashusha raba za breki milimita 4 ili zifikie ringi, na Ijumaa iliyopita alifika Chwaka akarudi bila kuteremka.