Platinamu ni cheti, jamani

Wimbo ukifikisha watazamaji milioni moja YouTube, kesho yake utamsikia mtangazaji wa redio hapa Nairobi akisema umeenda platinamu. Albamu ya rapa ikiongoza orodha ya Apple Music ya Kenya siku mbili, mashabiki wake nao wanaandika platinamu. Na yule ambaye albamu yake imetoka bila kishindo anaambiwa amefeli kwa kuwa hana hata platinamu moja. Neno limekuwa kama pilipili ya kibanda cha chipsi, kila mtu anajinyunyizia anavyotaka.

Maana yake ni fupi. Platinamu ni cheti ambacho chama cha kampuni za muziki katika nchi fulani hutoa baada ya kuthibitishwa kwamba kazi imefikisha kiwango kilichowekwa nchini humo. Marekani chama hicho kinaitwa RIAA, na kiwango cha albamu ni nakala 1,000,000. Uingereza ni BPI, na huko albamu inapata platinamu ikifikisha 300,000. Sisi tumekuwa na vyama kama MCSK, KAMP na PRISK, lakini kazi yao imekuwa kukusanya mirabaha kutoka kwa matatu, hoteli na mabaa kisha kuwagawia wenye haki. Vyeti vya platinamu havijawa kwenye shughuli zao. Kwa hiyo msanii wa Eastlands anayeitwa wa platinamu kwa sababu ya YouTube amepewa cheo hicho na mtangazaji tu. (Na Diamond Platnumz ni jina la mtu, tusichanganye mambo.)

Hayo ningeyavumilia. Kinachonichokoza ni ile imani kwamba hata huko Marekani platinamu maana yake watu milioni moja walitoa pesa mfukoni wakainunua albamu. Sivyo, na haijawahi kuwa hivyo.

Zawadi zenyewe zilianza kama matangazo. Mwaka 1942 kampuni ya RCA Victor ilimkabidhi Glenn Miller santuri iliyopakwa rangi ya dhahabu, kumpongeza kwa mauzo ya "Chattanooga Choo Choo". Aliyehesabu ni kampuni, aliyetoa zawadi ni kampuni, na aliyefaidika na picha gazetini ni kampuni hiyohiyo. RIAA ilipoanzisha cheti rasmi cha dhahabu mwaka 1958, jipya lilikuwa kumleta mkaguzi wa nje. Platinamu ikafuata 1976, na almasi, ambayo ni milioni 10, ikaja 1999.

Lakini mkaguzi haji bila kuitwa. Lebo, yaani kampuni inayotoa muziki wa msanii, ndiyo inayoomba, inafungua vitabu vyake na kulipia ukaguzi. Isipoomba, hakuna cheti hata kama wimbo unaimbwa na kila mtu sokoni. Lebo ya Motown ya Marekani ndiyo mfano mzuri zaidi. Miaka ya 1960 kundi lake la The Supremes walikuwa wakishika namba moja Marekani wimbo baada ya wimbo, lakini kampuni yao haikuwa ikipeleka hesabu zake RIAA, na dhahabu za chama hicho hawakuzipata wakati ule. Mtu akiisoma orodha ya vyeti vya enzi hizo bila kujua hili, atadhani Motown ilikuwa bendi ya harusi.

Kingine, enzi za santuri na kanda kilichohesabiwa ni mzigo uliotoka kwa lebo kwenda madukani, ukitoa uliorudishwa. Mwaka 1978 wanachama wanne wa bendi ya roki ya KISS walitoa albamu nne siku moja, kila mmoja na yake. Kampuni yao ikasambaza zaidi ya nakala milioni moja za kila albamu, vyeti vya platinamu vikapatikana, kisha maduka yakabaki na marundo ya kuuza kwa bei ya kutupa. Muuza kanda yeyote wa River Road wa zamani angekuambia kwamba kuchukua mzigo ni jambo moja na kuumaliza ni lingine.

Tuje kwa marapa sasa, maana huku ndiko ubishi ulikojaa. Mwaka 2013 Jay-Z alikuwa anatoa "Magna Carta Holy Grail". Kabla haijatoka, Samsung ilinunua nakala milioni moja na kuwapa bure wateja wake wenye simu za Galaxy kupitia programu maalumu, siku chache kabla ya watu wengine kuipata. RIAA ikabadilisha kanuni yake: zamani ilisubiri siku 30 baada ya albamu kutoka, lakini ikaamua mauzo ya kidijitali yahesabiwe kuanzia siku ya kwanza. Albamu ikawa platinamu papo hapo. Billboard, wanaopanga chati ya kila wiki, wakakataa. Wao walisema nakala aliyopewa msikilizaji bure si mauzo, hivyo hawakuihesabu hata moja kati ya ile milioni. Kwenye chati yao Jay-Z aliingia namba moja kwa nakala kama 528,000 zilizonunuliwa na watu wenyewe.

Soma tena hapo. Albamu ni moja, mwezi ni mmoja, na wahesabu wawili wametoka na majibu tofauti, wala hakuna aliyedanganya. RIAA iliuliza lebo imeuza ngapi, na kweli Samsung ililipa. Billboard iliuliza wasikilizaji wamenunua ngapi. Ndiyo maana kusema "ilikuwa namba moja, kwa hiyo ni platinamu" ni kuchanganya vitu viwili. Chati ni mbio za wiki moja, na wiki ikiwa baridi unaweza kuzishinda bila mauzo makubwa. Cheti hakina wiki. Kinaweza kuja mwezi wa kwanza au miaka ishirini baadaye, msanii akiwa ameshazikwa.

Mwaka 2016 mambo yalibadilika zaidi. Mwezi Februari RIAA ilianza kuhesabu strimu kwenye albamu: mara 1,500 za kusikiliza au kutazama nyimbo za albamu zinahesabiwa kama albamu moja iliyouzwa. Siku ileile "To Pimp a Butterfly" ya Kendrick Lamar ikapata platinamu. Bosi wa lebo yake, Anthony Tiffith, badala ya kushangilia alisema hadharani kwamba yeye anafuata kanuni ya zamani, platinamu ni albamu milioni moja zilizouzwa. Mimi nilimheshimu kwa hilo. Ni nadra mwenye duka kulalamika kwamba mizani imempendelea.

Na hizo 1,500 hazilazimiki kugawanywa sawa kati ya nyimbo. Wimbo mmoja unaopigwa kila klabu unaweza kuibeba albamu ambayo nyimbo zake nyingine hakuna anayezijua. Albamu ya diski mbili ndefu nayo ina neema yake, kwa kuwa kila diski inahesabiwa peke yake. "All Eyez on Me" ya 2Pac, ya mwaka 1996, ina almasi. Kwa kuwa ni ya diski mbili, seti milioni 5 zinatosha kufika milioni 10. Simpunguzii 2Pac sifa, seti milioni 5 si mchezo, ila ukimlinganisha na mtu wa diski moja, linganisha ukijua.

Kuna jambo ambalo mashabiki wa hapa hawapendi kulisikia. Cheti cha RIAA kinahesabu soko la Marekani. Albamu ya Drake unayoirudia kutoka Umoja hadi mjini, asubuhi na jioni, haimwongezei chochote kwenye platinamu hiyo. Na kwa upande wetu, rapa E-Sir alipotoa albamu "Nimefika" mwaka 2003, mji mzima uliimba. Kanda na CD za kunakiliwa zilizouzwa barabarani hazikupita kwenye kitabu cha mkaguzi yeyote, na hakuna anayethubutu kusema albamu ile ilifeli. Ukimpima Khaligraph Jones au Wakadinali kwa cheti ambacho nchi yao haikitoi, utakuwa umewakosea bure.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, wimbo ukifika milioni YouTube, sema tu umetazamwa mara milioni moja. Ukiongoza kwenye programu ya muziki ya Boomplay, sema unaongoza Boomplay, na utaje wiki gani. Msanii hatapoteza kitu, na sisi tutajua ni nini hasa tunachokishangilia.