Kumpokea mwanagenzi karakanani: mambo ambayo fundi mdogo ayajue kabla ya siku ya kwanza

Malalamiko kuhusu vijana wanaojifunza kazi kwa mafundi binafsi yamekuwa yakiongezeka mezani kwetu, na ni vema kutaja mapema kwamba hayatoki upande mmoja. Mzazi huja akisema mwanawe ameshinda gereji mwaka na nusu akiosha vipuri kwa petroli na kutumwa chai, na mpaka leo hajafungua injini hata moja. Fundi naye huja, wakati mwingine juma hilo hilo, akisema alimfundisha kijana bila kumtoza senti, akamlisha, akamwamini kwa wateja, na siku kijana alipoanza kuleta faida akahamia banda la jirani pamoja na namba za simu za wateja wale wale. Wanapoulizwa walipatana nini siku ya kwanza, wote wawili hujibu sawa: tulielewana tu.

Makala haya yanahusu huko kuelewana tu. Yanawalenga mafundi wadogo wa Tanzania Bara, wenye banda, kibanda au karakana ya watu wawili watatu: waseremala, washonaji, wachomeleaji, mafundi magari, mafundi umeme na wenzao. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, hivyo msomaji wa huko asichukue vifungu vitakavyotajwa hapa akavipeleka kwa sheha.

Swali tunaloulizwa mara nyingi ni kama fundi mdogo anapaswa kumpokea mwanagenzi. Jibu letu ni ndiyo, kwa masharti. Vyuo vya ufundi stadi vilivyo chini ya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, haviwezi kuwabeba vijana wote wanaotaka ufundi, na hata aliyemaliza chuo bado ana mengi ambayo hayapati darasani: mteja anayepunguza bei baada ya kazi kuisha, mbao iliyopinda kwa sababu haikukaushwa, gari ambalo nyaya zake zimeshapitiwa na mafundi wanne na kila mmoja ameacha mkono wake. Mambo hayo hufunzwa na fundi aliye kazini. Wala si jambo geni kwetu, kwani neno mwanagenzi lilikuwa katika Kiswahili kabla ya ofisi yoyote kulichapa kwenye fomu, na pwani mwanafunzi aliyehitimu alimpa fundi wake kilemba, zawadi iliyoonyesha mbele za watu kwamba mafunzo yamefika mwisho. Desturi hiyo ilikuwa na jambo moja ambalo karakana nyingi za leo zimelipoteza: mafunzo yalikuwa na mwisho unaojulikana.

Hata hivyo, si kila fundi anafaa kupokea mwanagenzi, na tunalisema hili tukijua litawaudhi baadhi. Fundi ambaye kazi zake ni za kubahatisha, leo ipo na juma zima haipo, hana cha kumfundishia kijana zaidi ya kukaa. Fundi anayetengeneza kitu cha aina moja tu, kwa mfano madirisha ya chuma peke yake, anaweza kumpokea mtu kwa miezi michache ya kujifunza madirisha, lakini asimwahidi mzazi kwamba kijana atatoka mchomeleaji kamili. Na fundi mwenye vijana saba chini ya banda moja la mabati, huku yeye mwenyewe akishinda Kariakoo kutafuta bidhaa, hafundishi. Amejipatia vibarua wa bure na kuwaita wanafunzi. Kwa uzoefu wetu, fundi mmoja akiwa na wanagenzi wawili ana kazi ya kutosha.

Tuje kwenye umri, ambako makosa ni mengi na adhabu yake si ndogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 5, inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Aliyefikia miaka 14 anaweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya na makuzi yake na isiyomzuia kwenda shule au kushiriki mafunzo. Kifungu hicho hicho kinakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 18 mgodini, kiwandani, kama baharia, au katika sehemu nyingine yoyote ya kazi yenye mazingira ya hatari, na sheria inataja waziwazi kwamba sekta isiyo rasmi imo. Kwa hiyo hoja ya kwamba “mimi ni fundi wa mtaani, sheria hizi ni za makampuni” haina mashiko, na ningeomba isiletwe tena ofisini. Mlango wa mafunzo upo: sheria inayosimamia mafunzo inaweza kumruhusu aliye chini ya miaka 18 kuwa katika sehemu hizo ikiwa kazi ni sehemu ya mafunzo yake, ikiwa afya, usalama na maadili yake vinalindwa kikamilifu, na ikiwa amepewa au anapewa maelekezo mahususi ya kazi anayoifanya. Kijana wa miaka 16 anayeshikilia bomba huku fundi akichomelea, akiwa amegeuza uso pembeni na kufumba macho kwa sababu kinga ya uso ni moja tu na imevaliwa na fundi, hatimizi hata sharti moja kati ya hayo. Anayekiuka kifungu cha 5 anaweza kutozwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo cha mwaka 1, au vyote viwili kwa pamoja. Aidha, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, hata kama ni msimu wa sikukuu na nguo za wateja zimerundikana.

Jambo la pili linalowashangaza mafundi wengi ni kwamba mtu anaweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa bila wao kumwita hivyo. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004 kinaweka dhana kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi ni mwajiriwa wake, hadi ithibitishwe vinginevyo, iwapo hata kigezo kimoja kati ya vilivyotajwa kipo: kwamba anafanya kazi kwa maelekezo ya mwingine, kwamba saa zake za kazi zinapangwa na huyo mwingine, kwamba anapewa vifaa vya kazi, kwamba anamtegemea kiuchumi, kwamba anamfanyia kazi mtu mmoja tu, au kwamba amefanya kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Soma tena vigezo hivyo, kisha umwangalie kijana aliye kwenye banda lako. Saa 45 kwa mwezi anaweza kuzimaliza katika juma la kwanza. Hapo ndipo maandishi yanapokuwa na kazi, kwa kuwa fundi anayedai kwamba huyu alikuwa akijifunza ndiye atakayetakiwa kuonyesha alikuwa akijifunza nini, kwa utaratibu gani na kwa muda gani. Tahadhari ni kwamba karatasi peke yake haitoshi. Ukiandika “mwanagenzi” juu ya mtu ambaye miaka 2 mfululizo anafanya kazi ile ile ya fundi kamili kwa pesa ya nauli, mwamuzi atatazama kilichofanyika, na karatasi itakaa pembeni.

Mapatano yenyewe si lazima yaandikwe na wakili. Kurasa mbili za daftari zinatosha, zikiwa na majina ya fundi, mwanagenzi na mzazi au mlezi ikiwa kijana hajafikisha miaka 18; umri na makazi ya mwanagenzi; tarehe ya kuanza na ya kumaliza; siku na saa za kazi pamoja na siku ya mapumziko; na aina ya ufundi. Mahali ambapo mafundi huandika neno moja, “useremala”, ndipo ningependa waandike zaidi: miezi ya mwanzo kutambua mbao, kupima na kunoa vifaa, kisha kuranda na kukata kwa mkono, kisha viungo, kisha kitu kizima, kama kiti au kitanda, tangu kununua mbao hadi kupaka rangi. Andika pia kama kuna ada, ni kiasi gani na inalipwa lini. Kama kuna posho, inaanza lini na inapanda lini. Nani anatoa chakula. Nani anamiliki vifaa. Na itakuwaje mmoja akitaka kuachana kabla ya muda. Zitengenezwe nakala tatu, zisainiwe mbele ya shahidi, na tunashauri shahidi huyo awe mwenyekiti wa serikali ya mtaa badala ya shemeji wa fundi.

Kuhusu posho, kinachotuletea ugomvi zaidi ni makato kuliko kiwango. Kijana ameunguza kitambaa cha mteja kwa pasi, na fundi anazuia posho ya miezi miwili. Palipo na ajira, kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira kimepanga hatua ambazo hazirukwi: hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mwajiriwa, mwajiri amweleze kwa maandishi chanzo cha hasara, kiasi chake na namna kilivyokokotolewa, mwajiriwa apewe nafasi ya kupinga, na makato yote kwa jumla yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Fundi mwenye busara atafuata kipimo hicho hicho kwa mwanagenzi. Nitaongeza maoni yangu binafsi, kwamba mwanafunzi asiyeharibu kitu hajaruhusiwa kushika kitu, na fundi aliyempa kijana wa mwezi wa pili kitambaa cha harusi cha mteja amejitafutia.

Hapa yafaa kuondoa dhana moja iliyoenea, na ambayo kwa kweli inachosha: kwamba kuandikiana na mwanagenzi ni kujiletea tozo ya mafunzo. Tozo ya kuendeleza ujuzi hulipwa na mwajiri mwenye waajiriwa 10 au zaidi. Kizingiti hicho kilikuwa waajiriwa 4 hadi kilipobadilishwa mwaka 2021, na inaonekana taarifa ya zamani imesafiri mbali kuliko ya sasa. Fundi mwenye mwanagenzi mmoja na msaidizi mmoja hahusiki. Wajibu unaoweza kumgusa, na ambao watu huukwepa kwa kuuchanganya na huo, ni wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi: mwajiri wa sekta binafsi hujisajili na kuchangia asilimia 0.5 ya ujira anaolipa. Ukilinganisha kiasi hicho na gharama ya kidole kilichokatwa na mashine ya kuranda, hutaona sababu ya kukwepa.

Hofu ya kwamba mwanagenzi atakuwa mshindani ni ya kweli, na siwezi kuidharau. Lakini dawa yake si kuficha kazi. Wapo mafundi magari ambao ikifika zamu ya kufungua giaboksi humtuma kijana mbali akanunue oili, na akirudi kazi imefungwa. Kijana huyo ataondoka tu, tena akiwa nusu fundi, na kazi mbovu atakazofanya zitabeba jina la gereji aliyotoka. Mapatano yanaweza kueleza kwamba baada ya kuhitimu abaki kazini kwa muda fulani kwa malipo ya fundi yanayotajwa, na hilo kijana hulikubali kwa urahisi linaposemwa mapema. Kumzuia asifanye ufundi wake mtaani baada ya hapo, au kumnyima barua ya kumaliza mafunzo ili asipate kazi kwingine, hatutakuunga mkono.

Barua hiyo ina thamani kuliko wengi wanavyodhani. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi huomba kupitia chuo, hutathminiwa kwa maswali na kwa vitendo katika ufundi wake, hupewa mafunzo ya kuziba mapengo yanapoonekana, na akifaulu hupata cheti bila kuanza upya darasani. Wanaokuja kwetu wakiamini kwamba cheti ni cha waliokaa bweni peke yao wamechelewa kupata habari, kwani utaratibu huu una zaidi ya miaka 10. Fundi mwenyewe anaweza kuanza nao kabla ya mwanafunzi wake. Barua inayotaja kazi zilizofunzwa na tarehe zake humsaidia mtathmini kujua aanzie wapi.

Mgogoro mfupi kuliko yote niliyowahi kusikiliza uliletwa na binti aliyekuwa akijifunza ushonaji, akidai muda wake umeisha na hajafundishwa kukata suti. Mshonaji, mama wa makamo, hakubishana. Alitoa kwenye mkoba daftari la shule lenye alama za chaki ya cherehani kwenye jalada, akalifungua mezani. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, kazi na saini mbili: kushona pindo, kuweka zipu, kuchukua vipimo, sketi, kola ya shati. Kola ilikuwa imeandikwa mara tatu, na pembeni neno “rudia”. Katikati palikuwa na pengo la majuma kumi na moja, wakati binti alipokwenda kumuuguza bibi yake, naye mwenyewe alilitambua alipoliona. Walikubaliana kuongeza miezi mitatu, posho ikiwa ile ya mwaka wa pili, na suti iwe ukurasa unaofuata. Niliwaandikia nyongeza ya mapatano, wakasaini, na mama akaomba stepla ili aibane ndani ya jalada.