Kwa nini pikapu ya umeme yenye chaji tele hugoma kuwaka?

Pikapu imelala nje ya nyumba Wete, Pemba, chaji asilimia 80. Asubuhi unabonyeza ufunguo, kimya. Mlango haufunguki, dashibodi haiwaki, na hata ukichomeka chaja hakuna kinachoonekana. Mara nyingi betri kubwa iliyo chini ya sakafu ni nzima kabisa. Iliyokufa ni ile ndogo ya volti 12, ndugu yake ile ya gari ya petroli.

Kwa hesabu ni kichekesho. Betri ya volti 12 yenye Ah 50 (ampea-saa, yaani ampea 50 kwa saa moja) ina Wh 600 (wati-saa), yaani uniti 0.6 za umeme. Betri kubwa ya Ford F-150 Lightning, ile ya masafa marefu, ina uniti 131: zaidi ya mara 200. Vipi bahari ikose maji kwa sababu ya kata?

Jibu ni usalama. Ndani ya sanduku la betri kubwa mna swichi nzito za sumaku, kontakta. Springi huzifanya ziachie muda wote, na ili zishike lazima volti 12 ziendelee kuzilisha. Gari ikizimwa, ikigongwa, au fundi akikata umeme mdogo, kontakta huachia zenyewe na zile volti 400 hubaki zimefungiwa sandukuni. Kama gari ingejiwasha moja kwa moja kutoka betri kubwa, nyaya nene za rangi ya chungwa zingekuwa na umeme wa kuua saa zote, hata gari ikiwa imeegeshwa.

Ile "tak… tak" unayoisikia ukiwasha ndiyo kazi hiyo. Kwanza rilei ndogo, nayo ni swichi ya sumaku, hupitisha umeme kidogo kwenye rezista, kizuizi cha umeme, ili kapasita (vihifadhi umeme) za inveta, kifaa kinachoilisha mota, zijae taratibu, kisha kontakta kubwa hushika bila kuchoma ncha zake. Baada ya hapo konveta, iliyochukua nafasi ya altaneta (jenereta inayochaji betri ya gari ya petroli), huteremsha umeme wa betri kubwa hadi volti 13.5 au 14.5 hivi na kuichaji ile ndogo. Chaja nayo haianzi mpaka kompyuta za gari ziamke, na chakula chao ni volti 12 hizo hizo.

Tatizo ni kwamba betri hii haikohoi kabla ya kufa. Kwenye petroli, stata, mota inayozungusha injini iwake, ikianza kuzunguka kwa uzito unajua betri imechoka. Pikapu ya umeme haina stata. Kwa hiyo pima: gari ikiwa imelala saa kadhaa, betri nzima ya risasi na asidi husoma volti 12.6 hivi; 12.2 ni nusu. Chini ya 12.0 usiiamini. Joto la visiwani nalo huifupishia umri.

Wengi huiua wenyewe kwa vifaa vya kuongeza. Chukua friji ndogo ya samaki iliyofungwa nyuma: inakula ampea 4 ikizunguka, tuseme inazunguka nusu ya muda. Hiyo ni wastani wa ampea 2, sawa na Ah 48 kwa siku. Kesho yake asubuhi betri ya Ah 50 ni maiti. Friji ipewe betri yake ya lithiamu, ichajiwe kwa kifaa kinachopokea umeme pale tu volti zinapopita 13.3, yaani gari ikiwa macho. Fyuzi ikae karibu na betri, shibiri moja isizidi. Waya wa mita 5 kwenda na 5 kurudi uwe wa milimita 6 za mraba: kwa ampea 10 unapoteza volti 0.3 tu, wakati wa 1.5 unapoteza 1.2 na friji inalalamika. Waya wa chungwa usiuguse kabisa. Huo si wa fundi redio.

Kama hujafunga kitu na bado inakufa, tafuta kinachonyonya. Zima gari, fungua boneti, bana komeo lake kwa bisibisi ili gari idhani imefungwa. Chomoa hasi, pitisha mita ya ampea 10 kati ya waya na betri, funga milango, peleka ufunguo mbali ndani ya nyumba, kwa sababu ukiwa karibu huamsha gari. Subiri nusu saa. Ampea 0.05 au chini yake ni kawaida. Ikisoma 0.5, hiyo ni Ah 12 kwa siku, na betri ya Ah 50 huisha kwa siku nne hivi. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Usiiwashe gari mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake.

Kwa wabebaji wa mwani wa Paje na Jambiani, Unguja, kuna adui mwingine. Mwani mbichi unadondosha maji ya chumvi, nayo hutambaa hadi kwenye soketi za taa za nyuma na waya wa bodi. Ukiona unga wa kijani kwenye soketi, huenda umeme tayari unavuja. Osha chini kwa maji yasiyo ya chumvi kila siku ya mzigo. Vichwa vya betri visugue kwa maji ya moto yenye kijiko cha magadi, kausha, kaza, paka vaselini.

Kuibusti, yaani kuiamsha kwa umeme wa kukopa, ni kama gari nyingine: nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye chuma cha bodi, subiri dakika 5, washa, iache macho saa nzima. Usikope umeme wa lori, mengi yana volti 24 na yanaweza kuunguza kompyuta. Wala usitumie pikapu yako kubusti gari ya petroli, maana stata hunywa mamia ya ampea. Mlango mara nyingi hufunguliwa kwa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti. Na ile busta ya mkononi uliyonunua, kama buti ya mbele hufunguka kwa umeme, usiiweke humo.