Mvinyo wa Porto haukui kabatini

Juzi alikuja mzee mmoja hotelini, chupa ameiviringisha kwenye gazeti kama kabeba kitoto. Shikamoo, marahaba, akaifunua taratibu: Porto, ule mvinyo mtamu wa Ureno, tawny (yaani iliyozeeshwa pipani) ya miaka 20. Mwanawe alimletea zawadi, naye akaitunza kabatini miaka 18. "Kwa hiyo sasa ina miaka 38, kijana wangu. Nikiiuza napata ngapi?"

Huyo ni wa nne mwaka huu. Nimechoka kulieleza hili nimesimama na sinia mkononi, basi naliandika.

Ile 20 ya kwenye lebo ni umri wa pipani. (Pipa lenyewe ni neno tulilolitoa kwa Wareno, pamoja na mvinyo. Kwao bonde la Douro, kunakotoka Porto, pipa ni kipimo pia: lita 550.) Mbao zinapitisha hewa kidogo kidogo, mvinyo unapungua kwa mvuke, wekundu unafifia mpaka unafanana na chai ya rangi, na harufu ya matunda mapya inageuka korosho za kukaanga, tini kavu, ganda la chungwa. Siku unapotiwa chupani, kazi hiyo imekwisha. Ukikaa nao miaka 18, ulicho nacho ni tawny ya miaka 20 iliyocheleweshwa kunywewa.

Na hiyo 20 nayo si hesabu ya kalenda! Ni mchanganyiko wa mapipa ya umri mbalimbali. Mchanganyaji anaonja, kisha taasisi inayosimamia mvinyo huo Ureno inaonja, wakiridhika kwamba una tabia ya miaka 20, lebo inapita. Vitabu vingi huandika "wastani wa umri" na kufunga mjadala. Mimi naona ni uamuzi wa ulimi. Anayetaka mwaka mmoja kamili atafute colheita: mavuno ya mwaka mmoja, miaka isiyopungua 7 kwenye mbao, na lebo inataja pia mwaka wa kutiwa chupani. Mwaka huo wa pili ndio ninaoukimbilia dukani. Ukiwa wa karibuni, nanunua.

"Lakini nimesikia Porto hutunzwa hata miaka 50." Ndiyo, ile ya vintage. Hiyo hutolewa pipani mapema, miaka miwili au mitatu tu baada ya mavuno, ingali nyeusi na kali, ikazeekee kwenye chupa iliyolazwa mahali penye ubaridi na giza. Ndiyo yenye machicha, hivyo imimine polepole kwenye jagi, tope libaki chini. Baba mmoja, malezi mawili. Ukichanganyikiwa, tazama kizibo: tawny nyingi zina kizibo chenye kofia, cha kung'oa kwa vidole. Hiyo isimamishe wima, na uinywe.

Zote mbili hutiwa pombe kali ya zabibu kabla hazijamaliza kuchacha, ndiyo maana sukari inabaki na kileo kinafika karibu asilimia 20. Watu wakiiona asilimia hiyo wanadhani haiharibiki. Wanaiweka juu ya friji, palipo na joto mchana na usiku! Anayetaka mvinyo usioogopa joto anunue Madeira, mvinyo wa kisiwa cha Ureno chenye jina hilo, ambao joto ni sehemu ya kutengenezwa kwake; hata ukishafunguliwa hukaa miezi.

Niungame mawili. Niliwahi kuonja tawny iliyosahaulika chupani miaka mingi, ikawa na ulaini ambao sijaupata kwenye mpya, na sina maelezo. Pili, mkinifunga macho sina hakika nitaitofautisha ya miaka 30 na ya 40. Bei naitofautisha vizuri sana.

Kuinywa: ipozwe mpaka nyuzi 12 hadi 14, katika glasi ya mvinyo mweupe, si kile kiglasi cha kipimo cha dawa ya kikohozi. Kashata ya njugu inafaa kuliko keki yoyote ya chokoleti.

Chupa ya mzee tuliifungua. Utamu ulikuwepo, korosho zimebaki kwa mbali, nyuma yake harufu ya karatasi za zamani. Mwenyewe alikunywa glasi mbili akaisifu, kisha akaanza kuiviringisha tena kwenye gazeti. Nikamwambia mzee wangu, hiyo sasa imalize ndani ya mwezi.

"Mwezi?" akaniuliza. "Mimi nimekaa nayo miaka 18."