Kuzaa blogu si kazi, kazi kuilea

"Shikamoo dokta. Kuku wangu wanaisha. Wanaharisha kijani, wengine wanapinda shingo. Niwape nini?"

Ujumbe huu uliniingia mwaka 2014, kutoka kwa mama mmoja mfugaji. Kilichoniuma ni kwamba jibu lake nilikuwa nimeshaliandika miezi minne nyuma, makala ndefu yenye picha. Nikamuuliza kama ameiona. Akasema amehangaika na Google tangu jana yake usiku, ameandika "kuku wanaharisha kijani", hakuambulia kitu.

Nikaenda kuitazama makala yangu. Kichwa: "Ufahamu Ugonjwa wa Newcastle, Visababishi, Dalili na Udhibiti Wake". Aya ya kwanza inaeleza kwamba ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle upon Tyne, Uingereza. Aya ya pili, familia ya kirusi. Kwamba ugonjwa hauna dawa ila una chanjo, nimelisema aya ya tisa. Nilimwandikia mwalimu wangu wa chuo, ambaye hafugi kuku.

Mimi ni mtaalamu wa mifugo. Blogu nilianza mwaka 2013 kwenye Blogspot kwa sababu ilikuwa bure, na kwa sababu nilichoka kueleza jambo lilelile kila kijiji. Siku hizi vijana wenye blogu za kilimo, mapishi, ushonaji na kadhalika hunifuata wakitaka kujua blogu yangu ilikuaje. Jibu langu huwakatisha tamaa kidogo. Nusu ya muda ninaoutoa kwa blogu hauendi kwenye makala mpya. Unaenda kwenye zile za zamani.

Ile ya mdondo, yaani huohuo Newcastle, niliiandika upya wiki ileile. Kichwa kikawa "Kuku wanaharisha kijani na kupinda shingo? Huenda ni mdondo". Sentensi ya kwanza: mdondo hauna dawa, watenge wagonjwa, usinunue wala kuuza kuku kwa sasa. Ya pili: kuku wazima waliobaki na wa majirani wapangiwe chanjo, kwa mfano ile ya I-2 inayodondoshwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Java na Uingereza nilizifuta, sijawahi kusikia aliyezikosa.

Ila nilifanya kosa la kitoto. Nilipobadili kichwa nikabadili na linki. Watu walikuwa wameshaituma linki ya zamani kwenye magrupu ya WhatsApp ya wafugaji, na yeyote aliyeibofya akawa anakutana na ukurasa unaosema hakuna kitu hapa. Niligundua baada ya majuma kadhaa. Kwa hiyo: kichwa badili utakavyo, linki iache kama ilivyo. Ukilazimika kuibadili, elekeza anwani ya zamani iende kwenye mpya siku hiyohiyo. Hata Blogspot ina sehemu ya kufanya hivyo kwenye mipangilio yake.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuitumia Search Console kwa bidii. Ni chombo cha bure cha Google, na ukiniambia nibaki na kimoja tu nitabaki na hicho. Kinakuonyesha maneno ambayo watu waliyaandika hadi blogu yako ikajitokeza, mara ngapi ilijitokeza, mara ngapi ilibofywa, na wastani wa nafasi yake kwenye orodha. Kumbukumbu zake zinarudi nyuma miezi 16. Mimi nakitazama mara moja kwa mwezi, natafuta vitu viwili tu. Kwanza, maneno ambayo makala yangu inajitokeza sana lakini haibofywi: hapo kichwa changu hakijibu kinachoulizwa. Pili, maneno yanayomleta mtu kwenye makala isiyo na jibu lake. Hiyo ndiyo makala yangu inayofuata, msomaji ameshanichagulia mada.

Huko ndiko nilikojifunza pia kwamba ugonjwa mmoja una majina kadhaa. Kwetu ni mdondo, kwingine utasikia kideri, na muuza dawa atakuambia Newcastle. Majina yote matatu yapo ndani ya aya yangu ya kwanza, mara moja, katika sentensi inayosomeka. Wapo wanaoyarundika chini ya ukurasa mara ishirini ishirini wakidhani wanaihadaa Google. Wanamfukuza msomaji tu.

Chombo changu cha pili ni daftari la kaunta. Kila swali ninaloulizwa kwa simu au mnadani naliandika kama lilivyotamkwa, bila kulisafisha. "Tetea anakula mayai yake." "Vifaranga wanalala mabawa chini." Swali likijirudia mara tatu linakuwa makala, na kichwa kinabaki na maneno ya muulizaji. Akija wa nne namtumia linki, naye anaituma kwenye grupu lake. Blogu yangu imeenea kwa njia hii kuliko nyingine yoyote. Kuibandika linki mpya kila siku kwenye magrupu arobaini sikushauri, nilijaribu na niliondolewa kwenye kadhaa.

Sasa picha. Mwaka mmoja nilikwenda kijijini nikataka kumwonyesha mdogo wangu makala kwa simu yake. Tukasubiri. Maandishi yakaja, picha hazikuja. Akaniambia, "Kaka, hii yako inakula bando." Nikapiga hesabu: picha sita, kila moja kama ilivyotoka kwenye kamera, MB 4. Jumla MB 24 kwa makala moja ya banda la kuku! Mtu aliyenunua bando la siku ili atafute dawa hawezi kuzimalizia kwangu. Siku hizi kila picha naipunguza hadi upana wa pikseli 800 na uzito wa KB 80 hivi kabla ya kuipandisha. Sita kwa pamoja hazifiki hata nusu MB, na kwenye kioo cha simu huoni tofauti.

Na ziwe picha zako. Mfugaji akisoma habari za kuku wa kienyeji halafu akaona kuku mweupe wa nyama ndani ya banda la Ulaya, anajua hujawahi kushika kuku. Picha yangu iliyotazamwa kuliko zote ni mbaya kabisa kwa macho: kinyesi cha kijani kwenye pumba za mbao, nimekipiga kwa karibu, kidole changu kimeingia pembeni. Watu wanakilinganisha na cha bandani kwao.

Kuhusu ratiba, kila mtu atakuambia andika kila siku, au walau kila wiki. Kwangu mimi ratiba anaitoa kuku. Yai linaatamiwa siku 21, na kuku wa kienyeji anahitaji miezi mitano au sita ndipo auzike vizuri. Anayetaka kuuza Krismasi anapaswa kuwa ameatamisha mwezi wa sita. Basi makala ya kuku wa Krismasi ikitoka Novemba inamsaidia nani? Yangu hutoka Mei. Idd ina hesabu yake, kwa kuwa kila mwaka inawahi kwa kama siku 11, na makala yake naipangia tarehe upya kila mwaka. Nina makala mbili mpya kwa mwezi, hazizidi. Fundi nguo naye ana msimu wa sare za shule, mpishi ana Ramadhani. Hesabu kurudi nyuma kuanzia siku msomaji atakapolihitaji jambo lenyewe.

Makala zinaoza, ndiyo maana zinahitaji kutembelewa. Kinachooza haraka ni bei. Niliwahi kuandika bei ya kifaranga bila kutaja mwaka, na miaka miwili baadaye mtu akaandaa mchanganuo wa mkopo kwa bei ile. Alinipigia akiwa na hasira, na alikuwa na haki. Tangu hapo kila bei ina mwezi na mwaka wake pembeni, au haipo kabisa. Namba za simu za mawakala zinaoza pia. Kibaya zaidi ni ushauri wa dawa. Katika makala zangu za mwanzo nilitaja antibayotiki bila kueleza siku ambazo mayai hayapaswi kuliwa wala kuuzwa baada ya kuku kutibiwa. Hiyo sikuirekebisha kimyakimya. Niliandika juu kabisa kwamba nilikosea, wapi, na tarehe ya kusahihisha.

Fedha, kwa ufupi. AdSense, yaani matangazo ya Google, hailipi mpaka salio lifike dola 100, na ukifikisha dola 10 wanakutumia namba ya siri kwa barua ya posta, kwa hiyo hakikisha S.L.P. uliyoandika bado inafunguliwa na mtu. Yangu ilikaa kwenye sanduku la ofisi niliyokuwa nimeshahamishwa. Kinachonilipa kuliko matangazo ni wafugaji wanaonisoma kisha kuniita kwa kazi ya kulipwa. Niliwahi kupewa ofa nono niandike kwamba unga fulani wa majani unatibu mdondo. Nikakataa. Yule mama wa 2014 bado ananisoma, angenielewaje?

Kwa walio Tanzania, suala la leseni lisikukute njiani. Kanuni za maudhui mtandaoni za mwaka 2018 zilipokuja, gharama za mwaka wa kwanza zilizidi shilingi milioni 2 na wenzangu kadhaa walifunga blogu zao. Zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, hivyo soma zilizopo sasa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, usitegemee makala ya mtu, hata hii.

Nilipohamia kwenye domeini yangu mwenyewe, yaani anwani ya blogu ninayoilipia, nilijisajili kwa barua pepe niliyokuja kuiacha. Taarifa za kulipia upya zikawa zinaingia huko nisikokwenda. Asubuhi moja blogu haifunguki. Niliipata domeini kwa sababu tu muda wa kuikomboa ulikuwa haujaisha. Sasa tarehe yake imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye ganda la daftari la kaunta, pamoja na tarehe ya kuchukua nakala ya makala zote, ambayo ni kila mwisho wa mwezi.

Leo usiku ni zamu ya makala ya ndui ya kuku. Kuna mtu ameuliza mnadani, "kuku ana vipele kwenye upanga, vitamwambukiza mtoto wangu tetekuwanga?" Hapana, ni vitu viwili tofauti. Ila kwenye makala yangu jibu hilo halipo popote.