Je, anayegonga gari kwa nyuma ndiye mwenye kosa siku zote?

Barabara ya kutoka Moshi hadi Arusha ina urefu wa takriban kilomita 80, na katika urefu huo dereva hukutana na masoko, matuta, vituo vya daladala, ng'ombe wanaovushwa na askari wenye tochi ya kupima mwendo. Si ajabu, basi, kwamba magari hugongana kwa nyuma mara kwa mara. Ajali ya namna hiyo ikitokea karibu na soko la Tengeru siku ya Jumamosi, watu waliosimama kando huwa wamekwisha kutoa hukumu kabla trafiki hajafika: aliyegonga nyuma ndiye mwenye kosa, alipe. Mara nyingi hukumu hiyo huwa sahihi, ila haitokani na kanuni isiyo na mlango wa kutokea. Ni dhana tu, nzito kweli, ambayo ushahidi unaweza kuiangusha.

Uzito wa dhana hiyo unatokana na jambo moja: nafasi iliyopo kati ya magari mawili yanayofuatana imo mikononi mwa dereva wa nyuma. Yeye ndiye anayeliona gari la mbele na taa zake za breki, naye ndiye anayeamua kulisogelea au kuliachia nafasi, ilhali dereva wa mbele anatazama aendako. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo katika maeneo ya makazi, gari husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Binadamu wa kawaida huhitaji sekunde moja, pengine moja na nusu, kuona hatari na kuhamisha mguu hadi kwenye breki; kisha gari lenyewe, juu ya lami kavu na likiwa na matairi mazima, huhitaji mita nyingine 14 hivi ili lisimame. Kwa kilomita 80 kwa saa, jumla hiyo hukaribia mita 60, yaani mwendo haujafika hata maradufu lakini umbali wa kusimama umepita maradufu. Wakati wa masika, lami inapolowa na kupakwa tope la magari yanayotoka mashambani, hesabu huwa mbaya zaidi.

Ndiyo maana madereva hufundishwa kuacha nafasi ya sekunde mbili angalau: gari la mbele likipita nguzo fulani, wewe usiifikie nguzo hiyo kabla sekunde mbili hazijaisha, na mvua ikinyesha uongeze. Ndiyo maana pia utetezi wa kwamba "alisimama ghafla" hausaidii sana. Dereva wa mbele anaweza kukanyaga breki kwa sababu ya mbuzi, mtoto, tuta lisilo na alama au tochi aliyoiona dakika ya mwisho, na dereva wa nyuma anatarajiwa kuyajua yote hayo. Hata daladala inayosimama pasipo na kituo ili kuokota abiria mmoja (na hapa madereva wa Noah watanisamehe) inaweza kubebeshwa sehemu ya lawama, lakini haimfutii aliyeifuata kwa karibu kosa lake lote.

Mambo hubadilika pale nafasi hiyo inapochukuliwa na mtu mwingine. Mfano ulio wazi ni kuchomekea. Kwenye barabara ya njia nne kati ya Sakina na Tengeru, dereva aliyeacha nafasi nzuri mbele yake hujikuta gari limeingia ghafla kutoka njia ya pembeni, bila indiketa, na papo hapo likafunga breki. Huyu wa nyuma hakupewa muda wa kuijenga nafasi upya, na akiweza kulithibitisha hilo, lawama huhamia kwa aliyechomekea. Mfano mwingine ni wa milimani, katika barabara zinazopanda Kibosho, Machame au Marangu, ambako gari lililosimama huweza kurudi nyuma likagonga lililo nyuma yake. Mikwaruzo hufanana na ya kugongwa kwa nyuma, kumbe aliyesogea ni wa mbele.

Mfano wa tatu ndio unaoua zaidi: lori lililoharibika usiku na kuachwa barabarani bila taa wala pembetatu za tahadhari. Matawi ya miti yanayotandazwa nyuma ya lori ni ishara ambayo kila dereva wa huku anaifahamu, lakini usiku hayaakisi mwanga, na taa za gari dogo huyamulika dereva akiwa amekwisha kufika. Hapo uzembe wa aliyeliacha lori ni dhahiri, ingawa aliyeligonga naye ataulizwa alikuwa akienda mwendo gani. Katika madai ya fidia mahakama haibanwi kumchagua mmoja. Inaweza kugawa lawama, na aliyechangia kuumia kwake akapunguziwa fidia kwa kadiri ya mchango wake.

Magari matatu yakigongana kwa mfululizo, swali la kwanza ni kama gari la katikati lilikuwa limekwisha kusimama. Ikiwa lilisimama salama kisha likasukumwa, wa mwisho huwajibika kwa yote mawili. Ikiwa liligonga kwanza lenyewe, kisha likagongwa, kuna ajali mbili na wenye makosa wawili. Dereva wa mbele kabisa huwa shahidi muhimu hapa, kwa kuwa anajua kama alihisi kishindo kimoja au viwili.

Magari yenyewe nayo husema. Gari linalofunga breki kwa nguvu huinamisha pua, kwa hiyo bampa lake huingia chini ya bampa la nyuma la gari lililo mbele yake, na kimo cha mbonyeo kutoka ardhini huonyesha kama breki ilikanyagwa. Hata dai kwamba taa za breki za gari la mbele hazikuwaka linaweza kuchunguzwa: katika balbu za kawaida, waya mwembamba wa ndani ukiwa wa moto wakati wa kishindo huvutika na kujipinda, ukiwa baridi hukatika tu. Taa za kisasa za LED hazina waya huo, na hapo kamera ya dashibodi ndiyo husaidia.

Kwa sababu hiyo si busara kuyasogeza magari kabla hayajapigwa picha au trafiki hajachora ramani ya ajali, wala kutamka "kosa ni langu" kwa sababu umati unataka hivyo. Mikataba mingi ya bima humkataza mteja kukiri kosa bila kuishirikisha kampuni. Bima ndogo ya mwenye kosa hulipa hasara ya yule mwingine, si ya gari lake mwenyewe, na anayeumia anapaswa kuchukua fomu ya PF3 polisi kwa ajili ya matibabu. Wanaomalizana barabarani wangefanya vizuri kuandikiana, kwani shingo iliyotikiswa na kishindo mara nyingi huanza kuuma kesho yake, wakati fedha za bampa zimekwisha kupokelewa.