Maktaba ya Kazini na Droo ya Mstaafu

Mfanyakazi akistaafu, ofisi humfanyia hafla. Kuna keki, kuna hotuba, na wakubwa wakijaliwa kuna bati za kumalizia nyumba. Kesho yake aliyeachiwa meza anafungua droo, anakuta michoro, madaftari ya vipimo na ripoti za safari za kikazi za miaka ishirini. Hajui azipeleke wapi. Anazifunga kamba, anazipeleka stoo, na kuanzia hapo msomaji wake ni panya.

Nimekuwa mkutubi katika taasisi za umma kwa miaka mingi, na nikiulizwa maktaba ya kazini ina faida gani, huanza na droo hiyo. Kitabu cha uhasibu au cha uhandisi kinanunuliwa, kikikosekana kinaagizwa. Ripoti inayoeleza kwa nini pampu fulani ilihamishwa mara mbili, au kwa nini awamu ya kwanza ya mradi ilikwama, haiuzwi popote. Niliwahi kuwashuhudia mafundi wa mamlaka moja ya maji wakifukua barabara sehemu tatu wakitafuta bomba. Mchoro ulikuwepo. Aliyejua ulipowekwa alikuwa amestaafu na kurudi kijijini, na pale ofisini hakuna aliyebaki na namba yake.

Nikisema hivyo, mara nyingi najibiwa: lakini si tuna masijala? Masijala ni kitu kingine. Inatunza majalada, barua na maamuzi, na ina haki ya kuwa na mlango mgumu. Maktaba inataka mlango wazi. Jalada huitishwa na mtu anayejua anachokitafuta. Kwenye rafu mtu huenda akitafuta hiki akakutana na kile, na mengi tuliyojifunza kazini tuliyapata kwa njia hiyo. Kwa hiyo kila ripoti isiyo ya siri ingefaa iwe na nakala maktaba, ikiwa na tarehe, jina la aliyeiandika na maneno mawili matatu ya kumwezesha mwingine kuitafuta.

Kusoma kazini si jambo geni kwetu. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 ukatoka waraka wa Waziri Mkuu uliotaka sehemu za kazi ziwape wafanyakazi wake elimu. Mwaka 1975 Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ikapata sheria yake mpya, na wakutubi wanaandaliwa Bagamoyo, kwenye Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka. Msingi upo. Ila siku hizi tukisema kujifunza kazini, kichwani inakuja semina. Semina ina posho, chai ya saa nne na cheti cha kubandika ukutani; maktaba haina hata kimoja kati ya hivyo, kwa hiyo sishangai bajeti inakoelekea. Siipingi semina. Shida yake ni kwamba inakwisha Ijumaa, na swali lenyewe linamjia mtu miezi minne baadaye, akiwa peke yake na fomu mezani.

Chukua ununuzi wa umma. Sheria ya mwaka 2011 ilifutwa na Sheria Na. 10 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika mwaka 2024, kanuni mpya zikatoka mwaka huohuo, na mfumo wa ununuzi wa mtandaoni wa TANePS ukaupisha ule wa NeST. Ofisa aliyehitimu chuo mwaka 2015 amebeba kichwani utaratibu ambao haupo tena. Akiingia maktaba akakuta toleo la 2011 limesimama rafuni bila alama yoyote, maktaba hiyo imemponza. Afadhali angekuta rafu tupu, angeuliza. Ndiyo maana nusu ya kazi yetu ni kupembua, kama mchele. Kilichopitwa na wakati kinaondolewa, au kinabaki kama historia na kugongwa muhuri unaosema hivyo. Wakaguzi wa mali hawaipendi kazi hii, maana wao huhesabu vitabu, na idadi ikipungua wanauliza. Mimi ningependa wahesabu vilivyoazimwa.

Mkutubi wa Kihindi S. R. Ranganathan aliweka kanuni tano za maktaba mwaka 1931, na ya nne inasema: okoa muda wa msomaji. Naikumbuka kila ninapoambiwa siku hizi vyote vipo kwenye simu. Vingi vipo, kweli. Sheria na hukumu zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII. Majarida ya afya, kilimo na mazingira yanapatikana kupitia mpango wa kimataifa wa Research4Life kwa taasisi za nchi zenye kipato cha chini, bure au kwa ada ndogo. Lakini hapo inasajiliwa taasisi, na lazima awepo mtu wa kuisajili, kutunza nywila na kumwelekeza daktari au bwana shamba namna ya kutafuta. Nilikuta mahali nywila hiyo imeandikwa kwenye daftari la mtu mmoja tu, naye alikuwa ameshahamishwa mkoa. Droo ileile.

Msomaji wangu bora hakuwa ofisa. Alikuwa dereva. Bosi wake akiwa kikaoni, yeye alikuja kukaa kona ya dirishani, kwanza na magazeti, baadaye na vitabu vya sekondari nilivyoomba tuletewe kwa ajili yake. Alifanya Mtihani wa Maarifa, ule wa kumfungulia njia asiyepita sekondari, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Utawala uliwahi kuniuliza vitabu vya kidato cha pili vinafanya nini kwenye maktaba ya kitaalamu. Niliwaonyesha daftari la kuazima.

Ofisi isiyo na maktaba haihitaji kuanza na jengo. Kabati moja lenye kioo linatosha, likiwekwa njiani ambako watu wanapita, pamoja na daftari la maswali: kila anayekosa jibu anaandika alichokuwa anakitafuta. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litakuambia ununue nini, na pesa hazitaishia kwenye seti za vitabu vya kupendeza visivyofunguliwa. Anayestaafu naye, kabla ya keki, apewe wiki moja akae na mkutubi wapange zile karatasi zake.

Na jambo dogo la saa. Maktaba nyingi za ofisi hufungwa saa saba mchana kwa sababu mkutubi naye anakwenda kula, na hiyo ndiyo saa pekee ambayo wafanyakazi wengine wana nafasi ya kuingia. Mwacheni ale saa sita.